Saba Nukta Mbili

Ruiru,
Jumamosi mchana.

Kwako dada yangu Nduku, mama yake Mumo,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji, Mumo na mkewe, na yule mjukuu wako, malkia mdogo anayekuita susu. Natumaini mgongo umetulia tangu uanze kupaka ile dawa, na kwamba mahindi ya bondeni yamefunga kabla jua halijayamaliza. Mimi naendelea. Nakula kidogo, nafika kazini, narudi. Siwezi kusema zaidi ya hapo, na ukinivumilia mpaka mwisho wa karatasi hizi utaelewa ni kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua. Lakini nikikupigia simu wewe huweka spika ili kina mama wote waliokaa hapo wanisalimie, na haya nataka uyasikie kwanza peke yako. Anayekuletea ni Githae, fundi wetu wa ofisini. Nimemwambia akukabidhi mkononi kabla hajakaribishwa chai.

Kazi yangu unaijua kwa yale ninayokusimulia. Napanga semina. Natafuta ukumbi wenye viti vya kutosha, nambembeleza chifu atangaze, nahakikisha mandazi yamefika kabla ya maombi ya kufungua. Halafu nasimama mbele na kile kipimo cha maji, kile tunachokiita sensor, nawafundisha watu jinsi ya kukitumbukiza kisimani, kusoma namba, kuiandika na kuituma kwa simu. Mpango ni kwamba kila kijiji kipewe chake, watu wajipimie maji wenyewe, wasingoje mtu wa ofisi aje mara moja kwa mwaka. Ni wazo zuri, dada. Nililipenda siku ya kwanza na bado nalipenda, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Vipimo kumi na viwili vimekwama bandarini tangu mwaka jana kwa sababu ya makaratasi. Sisi tuko na kimoja tu cha kufundishia. Hicho ndicho nilichokuja nacho kwenu mwezi wa tano.

Ile siku naikumbuka vizuri kuliko semina zote. Ulikuwa umewaita kina mama wa kanisa, wakaja hata wale ambao hawajawahi kukaa kwenye mkutano wowote. Ulisimama ukawaambia, "Huyu ni mdogo wangu. Akisema kitu, ni kama mimi nimesema." Tukashuka pamoja mpaka kisimani, pale karibu na mto. Nikakupa wewe kipimo, ukakishusha kwa kamba polepole kama mtu anayelaza mtoto. Ikatokea saba nukta mbili. Nikawaambia saba nukta mbili ni namba nzuri, na nyote mkapiga vigelegele. Wewe ukaomba. Jioni hiyo shemeji akapaka rangi kwenye kibao cha mbao, akakipigilia kwenye mti: MAJI HAYA YAMEPIMWA.

Mwezi wa sita tulikuwa na semina kule Theta. Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Maggie, mtu wa maswali. Nilipomaliza kuonyesha namba kwenye glasi, akainuka akaenda nyuma ya ukumbi walikokuwa wakiosha vikombe, akarudi na karai la maji ya sabuni, meusi tii. Akasema, "Ebu weka hapa tuone kama iko macho." Watu wakacheka. Nikaweka. Saba nukta mbili. Watu wa nyuma wakainuka kuichungulia. Nikasema kipimo kinahitaji muda wa kutulia, kisha nikatangaza chai. Maggie hakwenda kuchukua chai. Alibaki amekaa, karai liko miguuni, akiniangalia nikifunga mfuko.

Jumatatu yake niliingia kwa mkubwa wetu, Bwana Kang'ethe, nikamwambia kipimo hakifanyi kazi, tusimamishe semina mpaka vingine vije. Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alitoa faili, akafunua ripoti moja baada ya nyingine, na kwenye kila moja ilikuwa imeandikwa kwamba kifaa kiko sawa. Akaniuliza kwa upole, "Ndanu, hii ni sahihi ya nani?" Zote zilikuwa zangu. Akanieleza kwamba semina moja ikianguka, wafadhili watajitoa na vile vilivyoko bandarini vitapelekwa kaunti nyingine. Akasema watu wetu wanajifunza kubonyeza tu, na kubonyeza ni kule kule, namba iwe ya kweli au isiwe. Nivumilie mpaka Septemba.

Nikatoka pale sijui niende wapi. Nikisema, nawanyima watu vipimo vizima. Nikinyamaza, nawapa namba ya uongo. Kila upande niliogeukia nilikuta jina langu limeshaandikwa. Nikarudi mezani, nikapiga simu kuulizia ukumbi wa semina nyingine, kule mtaa wa Githurai 45.

Halafu wewe ukanipigia, wiki tatu zilizopita. Ukaniambia mtoto wa jirani yako Beth anaendesha na kutapika, amelazwa Thika. Ukaniambia hata malkia wetu tumbo lilimsumbua siku mbili. Nikakuuliza kama mnachemsha maji. Ukacheka, ukasema, "Si maji, Ndanu. Maji tulipima." Kina mama nyuma yako wakaitikia kwenye spika. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Ukaniuliza kama mtandao umekatika, nami nikasema ndiyo, umekatika.

Nilipokuja kumwona mtoto alipotoka hospitali, unakumbuka nilijaza chupa ya soda pale kisimani nikasema ni maji ya kunywa njiani. Sikuyanywa. Niliyapeleka maabara. Karatasi yao nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ina maneno mengi ya kitaalamu, lakini maana yake ni moja: kisima kina vijidudu vya kinyesi. Mvua ya Aprili iliposomba vyoo vya kule juu, uchafu uliteremka mpaka hapo.

Juzi Alhamisi ilikuwa semina ya Ruiru. Nilikuwa nimejiapiza kwamba leo nasema. Ile karatasi ya maabara ilikuwa ndani ya mkoba, nimeikunja mara nne. Watu arobaini na sita, na mbele kabisa wageni wawili wa wafadhili. Baada ya maombi nikasimama nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Wakati huo huo Bwana Kang'ethe akawasha picha ukutani, na ilikuwa wewe, dada. Wewe na kamba mkononi, unacheka mpaka pengo lako linaonekana. Ndiyo picha wanayoitumia sasa kila mahali. Wageni wakapiga makofi. Nami nikakitoa kipimo, nikakitumbukiza kwenye glasi, nikasoma namba kwa sauti. Mama mmoja mwenye mapacha akaja baadaye kuniuliza kipimo cha kijiji chao kitafika lini, kwa sababu wanawe wanaumwa kila mara. Nikaandika jina lake kwenye orodha. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo liliniogopesha kuliko kitu kingine chochote.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka. Mpaka hapa nimekuandikia kama mtu aliyegundua mambo kule Theta, kwa karai la Maggie. Si kweli. Githae aliniita kando mwezi wa tatu. Alikitumbukiza kipimo kwenye maji ya mfereji, halafu kwenye chai yake, halafu akakipangusa akakishika tu hewani, na namba haikusonga. Akasema, "Hii imekufa. Hii inaota tu." Ilikuwa mwezi wa tatu, Nduku. Kwenu nilikuja mwezi wa tano. Nilipokupa ile kamba mkononi nilijua. Mlipopiga vigelegele nilijua. Ulipofumba macho ukaomba, mimi yangu yalikuwa wazi, nayaangalia maji, najiambia kwamba maji ya nyumbani mmekunywa miaka yote na hamjafa.

Na kuna jingine. Kile kipimo hata kingekuwa kizima kisingeona vijidudu. Kinaonyesha kama maji yana ukali kama wa ndimu au wa magadi, basi. Ilikuwa kazi yangu kuwaeleza kwamba namba nzuri si ruhusa ya kuacha kuchemsha. Imo kwenye karatasi za mafunzo, ukurasa wa nne. Nilikuwa nikiuruka, kwa sababu nikiusoma watu wanauliza sasa hii ina faida gani, na mimi sikutaka swali lolote litakalofanya watu wakiangalie kile kipimo kwa makini.

Najua utatafuta sababu ya kunisamehe kabla hata hujamaliza kusoma. Utasema nilikuwa na hofu, utasema walinitumia. Hofu nilikuwa nayo. Lakini pia nilipenda jinsi ulivyonitambulisha siku ile. Tangu mama alipotuacha nikiwa darasa la kwanza, wewe ndiye uliyenisemea kwa walimu, kwa pasta, kwa kila mtu. Siku ile nilitaka kwa mara moja niwe mtu aliyekuja na kitu mkononi.

Sasa nakuomba ufanye haya, leo, si kesho. Kile kibao kitolewe kwenye mti. Maji yote ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hata ya kusukutua meno ya mtoto. Githae amebeba dawa ya maji ya kutosha nyumba zote, na atawaonyesha kiasi cha kutia kwenye mtungi. Yeye ni mtu wa kweli. Aliniambia mapema na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Mwambie Beth mwanawe arudishwe kliniki akapimwe tena, na mpe ile karatasi ya maabara aionyeshe huko.

Na la mwisho, ambalo ni gumu. Kesho baada ya ibada, wasomee kina mama barua hii. Yote, pamoja na mwezi wa tatu, pamoja na ukurasa wa nne. Sijaacha kazi. Semina ya mtaa wa Kahawa Sukari ni Alhamisi ijayo, hema limeshakodishwa, na jina langu ndilo liko kwenye mwaliko. Ninajijua sasa: nikiachiwa mimi mwenyewe, nitasimama na nitasoma ile namba, na mkono wangu hautatetemeka. Lakini mkishajua ninyi, mtaa mzima utajua, na wale wa Theta watasikia, na habari itanifikia Alhamisi kabla sijafungua mfuko. Sina njia nyingine ya kujizuia. Na wakianza kunilaani, tafadhali, dada yangu, kaa kimya. Usinitetee.

Msalimie shemeji na Mumo. Mwambie Beth kwamba nitakuja kwake mwenyewe siku atakayokubali kunifungulia mlango, na asipokubali nitaelewa. Malkia mpige busu la shavuni kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Ndanu.