Mpunga wa Mama Yangu

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile? Huku Ngonga tumeamka, ila miguu yangu imechoka kabla yangu. Babu yako anakohoa, lakini anakula.

Umeuliza kama uziunganishe taarifa za vinasaba vya mpunga wa Ikolo na wa Ngonga, kwa kuwa programu ya maabara yenu inaonyesha zinakaribia kufanana, na mkuu wako anataka ziwe na jina moja. Kompyuta siijui. Nitakueleza yaliyonipata.

Nilipoolewa huku, mama yangu alinipa mbegu ya kwao Ikolo. Kabla sijaipanda, akafariki. Siku moja mama mkwe, akisafisha ghala, akaimimina katika kapu la mbegu yake.

"Si mpunga ni mpunga tu, mwanangu?" akasema.

Nililia. Tukapanda hivyo hivyo.

Masuke ya mbegu ya mama yakatangulia kuiva. Nikaingia shambani kuyachuma moja moja, mgongo ukiniuma. Nikasikia mabua yakisukumwa nyuma yangu. Alikuwa mama mkwe, na ungo mkononi.

"Nionyeshe suke la mama yako likoje," akasema.

Tulichuma mpaka tukachoka sote wawili, na bado hatukuyapata yote.

Mwambie mkuu wako kwa adabu kwamba taarifa zilizotengwa mnaweza kuziunganisha siku yoyote. Ziache kwanza, kila moja na jina lake.

Ndaga kwa kuniuliza. Mwaka ule, kila nilipofunua chungu cha wali, nilinusa nikimtafuta mama, nisijue punje zake ni zipi.

Bibi yako