Miguu Dirishani

Shoga, uko hapo? Acha unachofanya. Nacheka mpaka mbavu zinaniuma.

Unamjua mume wangu na wezi wake. Jana tumeegesha lile trela letu la kulala kwenye kituo cha mafuta. Akazungushia mlango mnyororo kwa nje, akapiga kufuli, halafu akaingia kwa dirisha. "Mwizi aje sasa!"

Asubuhi mama yangu, tuliyelala naye humo, kabanwa na haja. "Mkwe wangu, nifungulie." Jamaa anapapasa mifuko, katoa macho.

Ufunguo uko nje. Uko kwenye kufuli, shoga! Umekesha unaning'inia!

Akatoka kwa dirisha, katanguliza miguu. Akanasa kiunoni. Mlinzi wa kituo akaona miguu inatapatapa, akaidaka. "Mwizi! Mwizi!"

"Mimi ndiye mwenye trela! Mama, mwambie!"

Mimi kicheko kimenikaba, siwezi kutamka neno. Mlinzi akauliza, "Mama, unamfahamu huyu?"

Mama, kwa ule upole wake: "Baba, fungua mlango kwanza. Nikitoka chooni nitakujibu."

Mlinzi kafungua kwa mkono mmoja, mwingine umeng'ang'ania mguu.

Shoga, mama bado hajatoka chooni.