Kabari Tatu Kiunoni

Karakana ya Milango na Madirisha,
S.L.P. 318,
Jumapili, 9 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia kidogo. Shemeji hajambo? Magoti yake bado yanatabiri mvua? Sisi huku tunapumua. Nasema tunapumua, sisemi hatujambo, na sababu yake utaiona huko mbele.

Mama anaendelea vizuri. Tumemtengenezea meno mapya, lakini anayavaa wageni wakija tu, wakiaga anayarudisha kwenye bilauri. Anasema hajayazoea, na umri wake si wa kuanza mazoea mapya.

Karakana inakwenda. Ule msumeno wa umeme niliokuwa nikiuota nimeupata, na mke wangu anasema naupangusa vumbi mara nyingi kuliko ninavyoutumia. Wateja bado ni wale wale, kila mmoja anataka mlango wake jana.

Naona nazunguka mbuyu, kaka. Nimeandika haya yote ili nisifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanao Kitinda amekuambia kwa simu kwamba aliteleza mwambani akavunjika mguu. Ni kweli aliteleza. Lakini kuteleza si kuanguka, na pale juu kuteleza hakuwi kuanguka mpaka mtu awe ameondoa kitu cha kumshika mwenzake. Mtu huyo ni mimi. Sikukupigia simu kwa sababu nakujua, ungeanza kunipooza kabla sijamaliza, nami ningekubali kupoozwa.

Unaukumbuka ule mwamba wa graniti nyuma ya machimbo ya kokoto, ambao kivuli chake ndicho kilichokuwa saa yetu ya kurudi nyumbani? Una ufa mrefu unaoupasua toka chini hadi juu. Wahenga walituonya tuzibe ufa, ila hawa wa siku hizi wanaupanda. Aliyeanza ni fundi kufuli mwenye kibanda mkabala na karakana yangu, yule wanayemwita Mjusi. Mwanao alimfuata miaka miwili iliyopita. Nadhani kazi ya kupaka rangi kuta ndefu ilimwondolea woga wa ngazi, akaanza kutafuta mahali pasipo na ngazi.

Ulipopata habari uliniandikia sentensi moja ambayo bado nimeibandika juu ya meza ya kazi: "Usimwache aende huko bila mtu wa kwetu." Basi mtu wa kwetu nikawa mimi. Nina miaka hamsini na tatu na kitambi cha heshima, nikanunua vile viatu vinavyobana vidole mpaka machozi, nikajifunza. Mwaka mzima nilipanda miamba mifupi huku Kitinda akinicheka. Ananiambia napanda kama mtu anayepandisha kabati ghorofani, na kabati lenyewe ni mimi.

Nikueleze jinsi kazi inavyofanyika, maana usipoielewa hutalielewa kosa langu. Anayetangulia anapanda na kamba kiunoni. Kila baada ya hatua chache anachomeka kabari ndani ya ufa, kipande cha chuma chenye kitanzi cha waya, kisha anapitisha kamba kwenye pete iliyoning'inia hapo. Akianguka, kabari inamshika. Anayefuata anazing'oa kabari akipita ili zikatumike tena juu. Hapapigwi msumari hata mmoja, na mwamba unaachwa kama ulivyokutwa. Mimi kama seremala nililipenda sana jambo hilo. Mikono nayo inakuwa kabari. Unauingiza mkono kwenye ufa, unakunja dole gumba ndani, kiganja kinavimba, na mwamba unakushika kwa nguvu ambayo huwezi kuiamini.

Njia ina vipande vinne, kila kimoja kama urefu wa kamba, na kila kimoja kinaishia kwenye kibaraza kinachotosha watu watatu wanaopendana. Jumamosi ile ya ajali Mjusi alitangulia, mimi nikawa wa katikati, Kitinda wa mwisho na kamba yake imefungwa kwangu.

Kwenye kipande cha tatu ufa unakatika. Inabidi uende hatua nane kushoto, ukikanyaga ukingo usiozidi upana wa fremu ya dirisha, ndipo uukute ufa mwingine unaopanda hadi kibarazani. Tukiwa bado chini tunafunga viatu, Mjusi alituambia kwamba hapo kuna kabari tatu ambazo wa katikati hazing'oi. Anapitisha humo kamba ya mtu wa nyuma, anaziacha, na wa mwisho ndiye anayezitoa. Bila hizo, wa mwisho akiteleza kamba haimshiki pale alipo, inambembeza upande mzima mpaka agonge ukuta wa kona. Alinirudia maneno hayo mara mbili. Nikamwambia nimesikia, mimi si mtoto.

Na nilikuwa nimesikia, kaka. Ila unaujua mkono wangu. Tangu siku ile Baba aliponirudisha kwa miguu kufuata patasi moja niliyoisahau kwa mteja, na wewe ukanisindikiza ili nisilie njiani, sijawahi kuondoka mahali pa kazi bila kuokota kila chombo. Mazoea yana taabu. Nilifika kwenye ukingo ule, nikaitoa kabari ya kwanza, nikaitundika kiunoni. Nikaitoa ya pili. Nikaitoa ya tatu. Sikumbuki kufikiri lolote. Nakumbuka tu nilijisifu moyoni kwamba sijaangusha hata moja.

Nikapanda kibarazani kwa Mjusi nikicheka. Hata kabla sijatulia niliivuta kamba ya Kitinda mara tatu, ishara yetu ya kumwambia aje. Mjusi akaipokea ile kamba, akatazama kiuno changu. Akageukia chini akaanza kuita.

Upepo uliturudishia sauti mdomoni. Kitinda alikuwa mbali chini, nyuma ya pembe ya mwamba, na kamba ikaanza kulegea kidogo kidogo, maana yake anapanda. Mjusi hakuwa na jingine ila kuivuta kadiri ilivyolegea. Nami nikasimama pembeni nikiitazama ile kamba ikija, na kila pima iliyokuja ilikuwa ni mwanao anasogea kule nilikoharibu.

Alipofika mwisho wa ufa wa chini tukaonana. Alitazama ukingo, akatazama kamba yake inayokwenda hewani bila kushikwa popote, kisha akatazama kiuno changu.

"Baba mdogo, umezibeba zote?"

"Zote," nikamjibu.

Akatikisa kichwa tu, kana kwamba nimempimia mlango vibaya. Kiunoni kwake hapakuwa na kitu, kwa kuwa vyombo vyote nilivikusanya mimi njiani. Mimi nilikuwa na kabari kumi na nne. Kurudi chini kwa ule ufa asingeweza, alikuwa amechoka na hakuona pa kukanyaga. Kati yetu zilikuwa hatua nane.

Mjusi akaifunga kamba ya Kitinda kwenye kabari za kibarazani, akanipa kamba yake mwenyewe niishike, akachukua tatu kutoka kiunoni kwangu akaanza kurudi kumfuata. Alinionya nisiiachie kamba hiyo hata nikiitwa na mama mzazi. Akachomeka ya kwanza. Kitinda alikuwa amening'inia kwa mkono mmoja uliokabwa ndani ya ufa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mkono unachoka. Mjusi akamwambia bado kidogo. Kaka, sijawahi kuwa mtu bure kama dakika zile. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi, na hiyo kazi haikumsaidia mtoto hata kidogo.

Mguu ukateleza. Alipita chini ya kibaraza nisikoweza kumwona, kisha nikasikia mguu ukigonga mwamba. Halafu akaita. Hakumwita Mjusi, alisema, "Baba mdogo." Nami nilikuwa nimeshika kamba ya mtu mwingine, sikuweza kwenda.

Kushuka kulichukua kuanzia saa tano mpaka saa kumi. Mjusi alifanya yote, kufunga, kubeba, kuteremsha. Mimi aliniambia nikae na nisiguse kitu, nikakaa. Nilitii kama mtoto wa darasa la kwanza, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Daktari amemtia vyuma kwenye kifundo cha mguu. Vunjiko ni mawili. Anasema plasta itakaa wiki tano zaidi, na kabla haijatoka hawezi kusema kama kifundo kitakunjika sawasawa tena. Nimemuuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, nikidhani labda kuna swali lenye jibu zuri. Jibu ni lile lile. Mpaka rangi asiyekunja kifundo atapandaje ngazi? Hilo sijamuuliza mtu.

Mama tumemwambia yote isipokuwa lile langu. Aliuliza tu huko juu tulikuwa tumesahau nini.

Kwa watu wote Kitinda anasema aliteleza kwa uzembe wake. Amemwambia daktari hivyo, na mke wangu, na wewe. Mjusi hajamkanusha. Tukikutana asubuhi tukifungua milango ananisalimia vizuri kabisa, na afadhali angenitukana. Siku ya pili hospitalini nilimwambia Kitinda kwamba nitakuandikia ukweli. Akanikatalia. "Baba atakununia," akasema, "na wewe ukinuniwa na Baba unazeeka." Ameyaona. Alikuwa mdogo wakati ule nilipouza randa ya marehemu Baba, lakini anakumbuka miaka minne niliyokwenda kwenye sanduku la posta nikirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo ninafanya nini? Ninachokiweza. Nimemtengenezea magongo, yakawa marefu. Nikatengeneza mengine, yakawa mafupi. Nimetengeneza kibao cha kupumzishia mguu, meza ndogo ya kitandani, na kigoda cha kukogea. Chumba chake kimekuwa duka. Jana alimuuliza mke wangu kama wateja wanaingilia mlango wa mbele au wa nyuma. Mbao nazielewa, kaka, ukikosea unakata nyingine. La kuvunda halina ubani, nalo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Sasa nikueleze la juzi, ndilo lililonifanya nikae niandike ingawa nilikatazwa. Ijumaa mchana aliniomba nimletee ule mkanda wa kabari. Nilikuwa nimeuficha chini ya mbao chakavu, nilitamani hata kuutupa. Nilijua anataka kuuza, au kunitupia usoni, na yote mawili nilikuwa tayari. Aliuweka mapajani, akazipitia kabari moja moja kwa kidole, akazitoa tatu. Zilikuwa zile zile. Anazijua kwa rangi za waya zake. Akanipa mkononi.

"Tukirudi, wewe utakuwa wa mwisho," akasema. "Wa mwisho anaruhusiwa kung'oa zote."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilitaka kumwambia hatutarudi, kwamba daktari hajasema chochote, kwamba baba yake hatakubali na mimi pia sikubali. Kisha nikamtazama alivyouweka mguu juu ya kile kibao changu kibovu, nikaona kwamba nikisema hapana nitakuwa nimeng'oa nyingine. Nikazitia kabari mfukoni, nikamwambia sawa. Bado ziko mfukoni ninavyoandika.

Nimekueleza yote. Ukitaka kuninunia, haki yako, na mara hii sitauliza ni kwa muda gani. Ila yeye mpigie kama kawaida, umtanie kama kawaida, wala usimuulize aliteleza vipi. Ameamua kwamba aliteleza, mwachie. Na akikutajia habari ya kurudi mwambani, nakuomba, usimkatalie kwenye simu. Nimeahidi kitu nisichoweza kukitimiza wala kukivunja, na sasa tuko wawili tunaojua na tusio na la kufanya.

Nisalimie shemeji na magoti yake. Nisalimie mwanao fundi umeme, umwambie ile waya aliyonifungia sikukuu iliyopita bado inatoa cheche. Mama anakusalimu, na leo kwa heshima yako amevaa meno. Mke wangu anakusalimu pia, hajui ninaandika nini. Mungu akuzidishie afya na akulainishie moyo, na kifundo cha mwanetu akikunje Yeye, maana sisi tumefika mwisho wa ufundi wetu.

Wako akupendaye,
mdogo wako uliyemsindikiza kufuata patasi.