Petroli ya Laurentia, Dizeli Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Pikapu imekufa. Safari hii kweli. Fundi Gregori kafungua boneti, katazama, kafunga. Akafuta mikono kama daktari anayetoka kwa maiti.

Dada Holo yuko Kisarawe na kidonda chake cha mguu. Mimi niko Mkuza na lijichuma lisilowaka. Nani atamfunga bandeji? Nimekwenda kwa bodaboda. Mgongo umenitukana njia nzima.

Jumatano, 5 Machi

Watoto wamechanga, mimi nimeuza ng'ombe wangu wa Magindu. Tunanunua gari kubwa, la viti saba, la kupita matope. Sasa kelele: petroli au dizeli?

Mwanangu Deus kapiga simu toka Dodoma. Petroli, Baba, limetulia, halina moshi. Mke wangu Laurentia naye petroli! Eti harufu ya dizeli inamtapisha, na sare yake ya kwaya itanuka jenereta. Nikasema: jamani, Kisarawe kila siku, kwenda na kurudi, vilima, gari zito vile — litakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi! Nani ananisikiliza? Dereva ndiye asiye na kura.

Jioni padri kanipaka majivu. Nimeahidi kuacha uongo Kwaresima hii. Tuone.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemuuliza Gregori. Akaanza kuhubiri. Petroli likiharibika, fundi yeyote atalitengeneza, ila kituo cha mafuta watakujua mpaka jina la babu yako. Dizeli linavuta na halili sana, ila haya ya siku hizi nozeli zake za kunyunyizia mafuta zina madeko. Mafuta machafu kidogo tu, zinasusa. Na petroli ikiingia humo kwa bahati mbaya — usiwashe, mzee, hata ukiwekewa bunduki, utaiua injini!

Sasa ninunue lipi? Akasema, inategemea.

Inategemea! Jibu hilo hata mimi wa darasa la nne ninalo.

Jumanne, 11 Machi

Bodaboda ilizama kwenye tope. Nimefika kwa Dada saa nane badala ya saa nne. Bandeji ilikuwa imegandia nyama. Hakulia. Aliuliza tu: "Mahona, nilidhani umekufa. Nikawa nawaza, ule uji wako nimpe nani?"

Deus anataka shangazi yake ahamie kwetu. Dada anasema atahama siku marehemu mumewe atakapofufuka pale nyuma ya nyumba, waondoke wote wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimenunua.

Dizeli!

La petroli lilikuwa pembeni yake, jeupe, zuri. Nikalipita kama mtu ninayemkwepa sokoni. Kwenye kifuniko cha tangi palikuwa na kibandiko chekundu kinachosema dizeli. Nimekikwangua kwa kisu cha mihogo cha Laurentia mpaka pakang'aa. Gregori kala jogoo wangu, kwa hiyo mdomo wake umefungwa.

Laurentia kazunguka gari mara mbili. "Ni petroli hili?" Nikamwambia, kwani Mama Deus unasikia harufu? Akanusa. Hakusikia kitu, akafurahi. Sijasema uongo. Nimeuliza swali tu.

Deus kwenye simu kaweka sheria: Baba, hili likiharibika hakuna jingine. Shangazi tunamleta Mkuza, atake asitake.

Jumapili, 16 Machi

Gari limebarikiwa. Padri kanyunyizia maji magurudumu, viti, mpaka kifuniko cha tangi. Pale nikatazama pembeni.

Laurentia kauliza mbele ya wanakwaya wenzake mbona linagonga kama mashine ya kusaga. Nikawaambia injini kubwa ndivyo zinavyoongea, hizo zenu ndogo zinalia kama cherehani. Wakatikisa vichwa. Watu wema sana.

Ila gari! Siku tatu Dada kafungwa bandeji saa nne kamili. Kidonda kimeanza kukauka pembeni.

Jumatano, 26 Machi

Uongo una kazi kuliko kulima mpunga. Siwezi kumtuma mtu mafuta. Kila mara nabadilisha kituo. Leo dada wa pampu kaniuliza kwa sauti ya mnadani: "Dizeli, mzee?" — na Laurentia amekaa pembeni yangu! Bahati alikuwa kazamisha kichwa kwenye mkoba anatafuta miwani. Nikamwambia dada: we jaza, unahoji kama polisi.

Nimechoka. Lingekuwa petroli ningekuwa nimelala zangu.

Jumapili, 30 Machi

Deus kaja jana. Leo tumetoka misa ya kwanza, nikajilaza kidogo. Kuamka, mama na mwana wamesimama mlangoni wanacheka. Sapraizi!

"Nimekujazia tangi, Baba. Petroli mpaka shingoni! Dada wa pampu katafuta kibandiko hakukiona, nikamwambia andika petroli. Limekohoa kidogo hapo getini, ila limefika."

Nikasema, msiliwashe! Hilo ni dizeli!

Wamecheka mpaka Laurentia kashika ukuta. "Mzee huyu! Juzi katuambia askofu kaja kuomba parachichi." Deus: "Baba, hata Kwaresima?" Nikawaambia kanuseni basi! Deus kaenda, kafungua tangi, kanusa, karudi. "Ni petroli tupu, Baba."

Petroli tupu! Si umeijaza wewe!

Siku moja nasema kweli, siku hiyohiyo naonekana mwendawazimu. Nimempigia Gregori — simu kaizima, yuko ibadani kwao Walutheri. Deus anataka kunipeleka kwa shangazi yake, anatafuta ufunguo. Ufunguo nimeukalia. Ndiyo maana naandika, mtu anayeandika hainuliwi.

Saa nne imepita. Dada kapiga. "Mahona, umekufa?" Nikasema bado. "Basi njoo."

Wameinua mkeka. Wamepekua suruali zangu mbele yangu, bila aibu. Ufunguo unanichoma tako la kulia. Laurentia kahamia jikoni, anafungua droo moja baada ya nyingine.

Katoka na kisu cha mihogo. Kwenye mpini pamegandia vipande vyekundu. Kweli, sikukiosha.

"Baba Deus. Ulikwangua nini na kisu changu?"

Nikamwambia. Kibandiko. Dizeli. Jogoo wa Gregori. Yote. Hacheki tena.

Huko nje Deus anapiga kelele: "Ufunguo wa akiba nimeupata!" Mlango wa gari umefunguliwa — Mama Deus, usinitazame mimi, kimbia ukamzuie, wewe una miguu —