Picha Yangu Inauza Asali ya Kutuliza Waume

Shangazi Advera, shikamoo. Nasoma unavyowajibu wenzangu kila Jumamosi na leo nimejikaza, ila jina langu usilitaje maana hapa Chemchem, Tabora, tunajuana. Mimi ni mke wa mtu, mwaka wa kumi na moja huu, nauza asali, nainunua kwa warina wa huku kwetu naichuja mwenyewe naitia kwenye chupa, na wateja nawapata kwa simu, kwa hiyo mwaka juzi nilipiga picha nimevaa dera la kijani nimeinua chupa nacheka, nikaiweka mtandaoni nikaandika asali ya Tabora, na kweli iliniletea wateja.

Sasa mwezi uliopita wifi yangu kaja asubuhi kaiweka simu yake mbele ya kaka yake tukiwa tunakunywa uji, kumbe kuna mtu simjui hanijui kaichukua picha yangu ileile anauzia asali ya mapenzi, na chini kaandika, "Dada huyu wa Tabora mumewe alitaka kuongeza mke, akatumia asali yetu siku saba, sasa mume hana habari na mwingine." Shangazi, nilikwisha, kwa sababu mume wangu ananunua karanga Igalula na mwaka jana alipata mwanamke huko, mpaka posa ikapelekwa, halafu akaghairi mwenyewe, na uji wake kila siku anatia asali yangu. Wifi akasema, "Unaona sasa? Nilisema mimi, kaka yangu hakughairi bure!" Mume wangu akasukuma bakuli. Tangu siku ile hagusi chakula changu, anakula kwa dada yake, na nikimwapia ananijibu, "Mimi sasa hata moyo wangu sijui kama ni wangu." Ijumaa hii wazee wa kwao wanakuja kwenye kikao, na kasema asiporidhika anaandika talaka.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni hiki. Nilimpigia yule muuzaji ili nimtukane, naye akanipokea kwa upole, pole dada, picha nitaitoa, ila mume aliyesusa chakula ana dawa yake yenye nguvu zaidi, na sijui nilikuwaje siku hiyo, nikatuma hela. Chupa imekuja kwa basi, nimeificha kwenye sanduku la kanga, na picha hajaitoa. Ijumaa mume wangu atakula nyumbani kwa kuwaonea haya wazee. Je, nimtilie kidogo tu, mambo yatulie, halafu nisirudie tena?

Mwenye Picha, Chemchem

*

Marahaba, Mwenye Picha. Hutaki jina lako litajwe, na sura yako inauza limbwata nchi nzima. Haya, nimelificha.

Pole, umeonewa. Picha ya jasho lako imefanywa ushahidi wa uongo, na hilo ni kosa la mwizi, si lako. Pole yangu inaishia hapo. Mtu kakuibia sura, kakuvurugia nyumba, umempigia simu kwa hasira zako zote, na mkaagana wewe ukiwa mteja wake! Hivi, mwanangu, anayejua kutuliza waume angehangaika kuiba picha ya mtu asiyemjua? Wake waliotuliziwa waume wangepanga foleni wapigwe picha. Kilichomo kwenye hiyo chupa hukijui, nami sikijui, na unataka kukitia kwenye chakula cha mtu unayempenda. Akiumwa tumbo tu mbele ya wazee wake, utasema nini?

Na huyo mumeo, kama anasoma, asogee karibu. Bwana, posa uliipeleka kwa miguu yako na ukaghairi kwa akili yako. Pengine ulimwonea mkeo huruma, pengine uliogopa gharama, unajua mwenyewe. Mwanaume mzima kuusingizia uji ni woga. Tena unakula kwa dada yako kila siku, na hakuna anayeuliza yeye anatia nini.

Sasa sikiliza, mwanangu, na ufanye leo. Lipige picha lile tangazo kabla halijafutwa, tunza namba yake na ujumbe wa malipo. Mumeo akirudi kutoka kazini, mkalishe, umfungulie ukurasa wako, aone picha ile uliiweka mwaka juzi, kabla yeye hajamjua huyo mwanamke wa Igalula. Tarehe iko palepale chini ya picha, na katika ukoo wenu wote wenye simu kubwakubwa hakuna aliyejisumbua kuisoma. Kisha itoe chupa, iweke mbele yake, umwambie ulivyoinunua na kwa nini. Atakasirika sana. Mwache akasirike, ana haki, na usijitetee kwa machozi.

Akishatulia, nendeni wote wawili polisi na chupa ikiwa haijafunguliwa, mkamshitaki huyo mwizi. Mtandaoni andika mwenyewe, kwa sura yako hiyohiyo: huyu ni mimi, nauza asali ya nyuki, siuzi waume. Ijumaa pika kama ulivyopika miaka kumi na moja, pakua sinia moja, uonje wa kwanza wazee wakikutazama. Asipokula, basi tatizo lake si chakula, na wazee watamuuliza.

Ila chupa isilale humo ndani hadi Ijumaa, maana nakuona mkono unavyokuwasha. Mpaka sasa lile tangazo ni uongo mtupu. Ukimtilia tone moja, utakuwa umelifanya kweli.