Karatasi Haikohoi

Machimboni, Geita
4 Februari 2024

Mama Anande,

Pokea salamu zangu za mbali. Natumaini wewe na watoto mmeamka vizuri. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imechubuka kwa mawe.

Usishangae kupata barua. Huku mtandao unasumbua, na simu yangu haikai na chaji. Hii nimempa Elihuruma, dereva wa lori la vitunguu, ataifikisha mwenyewe hapo Ngarenaro. Unajua niliishia darasa la tano, kwa hiyo soma polepole.

Kwenye simu ulisema watoto wanacheza juu ya vyuma chakavu vya gereji kwa sababu uani hapana nafasi, na Lucky amekatwa na chuma mguuni. Hilo limeninyima raha. Ndiyo maana nasaga mawe huku, ili niezeke ile nyumba yetu ya Kikwe, wapate uwanja wa kukimbilia. Lakini mtoto wa miaka mitano hangoji bati. Waambie Pasaka nakuja, nitawapeleka Momela, kwenye hifadhi ya wanyama, tutembee kwa miguu wote wanne mpaka kwenye maporomoko ya maji. Anande aone twiga ambaye hakuchorwa kwenye kitabu.

Ni mimi,
Baba Anande


Ngarenaro, Arusha
18 Februari 2024

Baba Anande,

Barua imefika ikinuka vitunguu. Sisi hatujambo, na kidonda cha Lucky kimekauka. Je, kifua chako? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema ni mafua.

Watoto hawashikiki. Lucky anauliza kama twiga anauma. Anande amemwambia twiga hamgusi mtu mwenye kelele, basi tangu jana humu ndani ni kelele tupu.

Elihuruma nimempa chai. Anasema hapo machimboni yeye anapiga simu vizuri tu. Hiyo simu yako ni ya kabila gani?

Tunakungoja.
Mama Anande


Ngarenaro, Arusha
9 Aprili 2024

Baba Anande,

Naomba Mungu uwe umefika salama. Watoto hawajambo. Mimi mwili mzima, moyo hapana, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka.

Jumatatu ya Pasaka, pale Momela, nilikuwa nahesabu. Ulikaa chini mara kumi na moja kabla ya maporomoko. Ya kwanza, geti lilikuwa bado linaonekana nyuma yetu. Yule askari wa hifadhi, Ephraimu, akakutania, Mmeru gani anashindwa na kilima cha kwao. Ukacheka, ukawaambia watoto, "Kaeni. Anayetaka kuona mnyama hakimbii."

Wakakaa, na kweli wakaona. Ulipokuwa umeegemea jiwe, mbega walishuka na vichanga vyao vyeupe mpaka juu ya vichwa vyetu. Ulipokuwa umefumba macho, twiga watatu walivuka njia, Lucky akasahau kupiga kelele. Ephraimu alisema ana miaka tisa na bunduki ile, hajawahi kuongoza familia iliyoona vingi hivyo. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na mimi niliimaliza nikiyatazama mabega yako yanavyopanda na kushuka.

Tuliporudi nyumbani ulikwenda kukohoa bafuni, ukafungulia bomba ili tusisikie. Nilisikia. Sasa najua mtandao unasumbua wapi.

Nenda hospitali. Usiniandikie neno lolote kabla hujaenda.

Mama Anande


Machimboni, Geita
26 Mei 2024

Mama Anande,

Nakusalimu sana, na watoto pia. Habari ya afya, safari hii nitakujibu kweli.

Wiki zote hizi sikuandika kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu niliogopa kwenda. Nimekwenda. Wamenipiga picha ya kifua. Si TB. Daktari, binti mdogo tu, alinionyesha yale mawingu kwenye picha, akasema ni vumbi la mawe, limeshika mapafu, halisafishiki. Nikauliza dawa. Akasema dawa ni kuacha kulivuta, lililoingia limeingia.

Ni kweli nilikudanganya habari ya simu. Nikisema maneno matatu nakohoa, na karatasi haikohoi. Nilitaka watoto wawe na baba mzima walau kwenye barua.

Lakini nisikilize. Bati bado. Nikivumilia mpaka Desemba nyumba itaezekwa, nao watapata uwanja wao. Siku hizi nafunga kitambaa mdomoni. Watoto waambie nilikuwa nimechoka na safari tu.

Baba Anande


Ngarenaro, Arusha
9 Juni 2024

Baba Anande,

Salamu kutoka kwetu sote. Jibu lako ni chungu, lakini nashukuru ni la kweli.

Huo uongo wa safari sitawaambia. Jana niliwapeleka Kikwe. Nyumba haina bati na wao hawakuitazama hata mara moja. Uwanja walikuwa nao tangu tulipochimba msingi. Ni mimi na wewe tuliokuwa tunaungojea upate paa. Wakaelekea kwenye mfereji, mimi nyuma yao. Hatua ishirini, wanakaa. Lucky anaweka mkono kifuani, anafumba macho, anahema, kisha wanatazama juu ya miti. Wanainuka, hatua ishirini, wanakaa tena. Jirani yetu Elinipa akawauliza kama wanaumwa. Anande akamjibu, "Hapana, bibi. Sisi kwetu ndivyo tunavyotembea."

Niliwapa mgongo nikalia.

Njiani kurudi Anande akaniuliza, "Mama, baba anachoka au anaumwa?" Nikamwambia swali hilo ni la baba yake. Basi lijibu. Bati lako silitaki.

Mama Anande


Machimboni, Geita
23 Juni 2024

Mwanangu Anande,

Marahaba, maana najua umeniamkia. Hujambo? Lucky na mama hawajambo? Mimi leo sisemi kwamba ni mzima.

Mama ameniambia una swali. Baba anaumwa. Si uchovu. Nina vumbi la mawe kifuani, nimelipata kazini, na halitatoka. Haliambukizi, kwa hiyo Lucky anaweza kunikalia mapajani kama zamani. Kuna siku nitaweza kufika na nyinyi mpaka mferejini, na kuna siku nitaishia mlangoni. Siku hizo mtakwenda na mama, mrudi mniambie mlichoona.

Kule Momela niliwafanya mdhani kukaa ni ujanja wa kuona wanyama. Nilikuwa natafuta pumzi. Wanyama walikuja wenyewe. Mwambie Lucky asihangaike kukaa kila mara. Yeye kifua chake ni kizima, akimbie. Na wewe kimbia.

Leo asubuhi nimerudisha kofia na buti. Elihuruma anarudi Arusha Alhamisi, nitapanda lori lake. Njia ni ndefu na hatujui tutafika saa ngapi. Ukisikia mtu anakohoa nje ya geti, usiogope. Fungua, ni mimi.

Baba