Neno la Kuandikwa Getini

Jumatatu, 4 Machi

Amerudi! Mume wangu yuko kitandani kwake, chumbani kwetu, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Kama bondia. Nesi ameniagiza: asishike kitu, bandeji zisilowe, asichoke. Haya. Nimemlisha uji kwa kijiko, nimemfuta mdomo. Akasema yeye sasa ni mtoto mchanga mwenye ndevu.

Rafiki yake Mrefu hajamtaja. Walikuwa zamu moja pale kiwanda cha sabuni boila lilipopasuka. Huyu wangu alitolewa akiwa hai. Mrefu tulimzika wakati huyu bado yuko wodini. Rafiki wa miaka yote, mtu wa kuinama kila mlango asijigonge. Sijui nianzie wapi kumuuliza. Bora apone kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi kazini redioni. Taarifa ya saa saba nikapewa habari ya ajali hiyo hiyo: kiwanda kitaweka getini kibao cha kumbukumbu ya "wahanga wa ajali ya boila." Nikaisoma bila kukwama. Sauti ni kazi.

Nyumbani nikamkuta amegeukia ukutani. Jirani alikuwa amemfungulia redio, kwa nia njema.

"Umeniita mhanga," akasema.

Nikajitetea. Siku hizi ndivyo tunavyosema — mhanga wa mafuriko, mhanga wa njaa, hata mhanga wa mapenzi! Akasema yeye ni majeruhi. Majeruhi anaumia, anauguzwa, basi. Yeye alikwenda kazini tu, hakujitoa kwa lolote.

Akakataa chai. Kwa neno moja!

Ijumaa, 8 Machi

Nimemuuliza mhariri wetu. Akakuna kichwa. Majeruhi yu hai, marehemu amekufa, manusura amepona. "Na mwathirika," akasema, "siku hizi ukimwita mtu hivyo atadhani unamtangazia ugonjwa." Mhanga je? Wa zamani walisema ni mtu anayejitoa kwa ajili ya wenzake. Sasa limekuwa kapu la kila mtu.

Kamusi nayo ina yake: mhanga pia ni mnyama, mchimba mashimo, mla mchwa. Nikamsomea mgonjwa wangu. Akacheka! Mara ya kwanza tangu ajali. "Basi waandike getini: hapa aliungua mla mchwa." Tumecheka mpaka akashika mbavu kwa yale mabandeji yake. Halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikamkumbatia kiunoni, mahali pasipouma.

Jumapili, 10 Machi

Mke wa Mrefu amekuja na machungwa. Kammenyea shemeji yake, kamlisha kipande kwa kipande, anamtania kwamba amenenepa kwa kudekezwa. Shemeji mtu anatafuna, macho sakafuni.

Jikoni akaninong'oneza. Afisa wa kiwanda anataka aridhie maandishi ya kibao. "Wewe mtu wa maneno, dada. Eti mhanga ni nani? Mtu mmoja msibani kaniambia ni aliyependa kufa. Mume wangu hakupenda kufa. Alipenda kula, kulala, na mimi."

Nikamwambia siku hizi ni yeyote aliyepatwa na janga. Akashusha pumzi.

"Afadhali. Maana ningejua aliweza kutoka asitoke — akaniacha hivi kwa hiari yake — wallahi nisingemsamehe."

Nyumba yetu kuta zake karatasi. Aliyeko chumbani alisikia.

Jumatatu, 11 Machi

Hajala.

Jumanne, 12 Machi

Amesema. Namwogesha mgongo, beseni lipo kati yetu, mara akaanza bila kuulizwa.

Mrefu alikuwa ameshatoka. Ameshavuka mlango, yuko nje, mzima. Huyu wangu amebanwa na bomba ndani. "Nikamwita," akasema. "Nikamwita kwa jina lake." Mrefu akageuka, akarudi. Akalinyanyua bomba, akamsukuma mbele yake kuelekea mlangoni. Mlipuko wa pili ukampata yeye mgongoni.

"Mimi ndiye majeruhi. Mhanga ni yeye. Neno lile ni lake, na watu wamelifanya kapu."

Nikaendelea kumsugua mabega, maji yamepoa. Ndani yangu nilikuwa nasema asante, asante Mrefu. Kisha nikamkumbuka mkewe jikoni, alivyoshusha pumzi, nikaikata ile asante katikati.

Alhamisi, 14 Machi

Tumegombana, kwa sauti ya chini, kama wezi. Anataka kumwambia mke wa Mrefu. Nikasema mwache mwenzio apumzike, kidonda chake ndiyo kwanza kinaota ngozi. Ukimwambia utampa nini?

"Nitampa mume wake."

Nikamwambia atakuchukia. Akasema ana haki hiyo. Atapita pale getini maisha yake yote, akidhani ni neno la redio tu.

Nimemlisha wali, sote tumenuna. Kijiko kikadondoka. Tukacheka kidogo. Lakini habadiliki, namjua.

Jumamosi, 16 Machi

Amemwita mke wa Mrefu, amekuja. Wako sebuleni. Mimi nimejifanya nachemsha chai — naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo.

Ameanza vibaya, anazunguka. Sasa amelisema: "Shemeji, alikuwa ameshatoka."

Mke wa Mrefu anauliza:

"Nani alimrudisha?"

"Mimi. Nilimwita."

Chai inafurika, nimezima jiko. Kiti kimeburuzwa. Naona kanga yake tu kutoka hapa — amesimama. Mungu wangu, anaondoka!

Haondoki.

"Alisitasita?" Sauti yake siitambui.

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata kutufikiria?"

"Sijui alifikiri nini, shemeji. Nilimwona anakuja tu. Mbio. Alijigonga kichwa mlangoni, hakujali."

Kuna sauti imemtoka, sijui kilio, sijui kicheko, sijui laana. Nachungulia: ameketi tena — si kwenye kiti, chini sakafuni, karibu na miguu ya shemeji yake. Mume wangu amenyoosha mikono ile iliyofungwa, hajui aiweke wapi.

"Anza tena," mkewe Mrefu anamwambia. "Anzia pale alipogeuka. Polepole."

Naye anaanza tena —